Bolti inayojizuia, jicho au hopa: ipi itakuokoa na mipira inayokatwa?

Kuna mlio ambao mchezaji wa peintiboli, ule mchezo wa kurushiana mipira ya rangi kwa bunduki za hewa, hausahau. Badala ya "pa" kavu, bunduki inatoa "pfuu" ya majimaji, na kinachotoka mtutuni si mpira bali ukungu wa rangi. Mpira umekatwa: bolti, kile chuma kinachousukuma mpira kuelekea mtutuni, imekwenda mbele wakati mpira uko nusu ndani ya chemba na nusu bado kwenye shingo ya hopa, chombo cha mipira kilicho juu ya bunduki. Kuanzia hapo kila unachopiga kinapita kwenye uji na kuyumba, na yule uliyemkandamiza nyuma ya kizuizi anapata nafasi ya kunyanyua kichwa.

Dawa za ugonjwa huu ziko kadhaa. Mmoja atakuambia ununue bolti inayojizuia, mwingine uweke jicho, yaani kihisi kinachoangalia kama mpira umefika, wa tatu ataapa kwamba mchawi ni hopa yako. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa bunduki moja. Nimetumia zote, nyingine nimezifungua na kuzifunga mpaka skrubu zikalika vichwa. Nilichojifunza ni kwamba dawa hizi hazifanyi kazi moja. Bolti inayojizuia inasubiri kosa litokee, kisha inalisamehe. Jicho linakataa kufyatua kabla mpira haujafika. Hopa nzuri inauwahisha mpira ili kosa lisipate nafasi. Kwa hiyo swali la kwanza ni bunduki yako inakosea wapi, na bidhaa inafuata baadaye.

Kwanza hakikisha ni mkato kweli

Wengi wanaolalamika kwamba bunduki inakata wana shida nyingine kabisa: mpira unapasuka ndani ya mtutu. Tofauti unaiona kwa macho. Toa hopa, funga hewa, fyatua mpaka iishe, kisha chomoa bolti uitazame. Rangi ikiwa imejaa usoni pa bolti, imetapakaa kwenye chemba na kupanda shingoni, na ukakuta kipande cha ganda kilichokatika kama mwezi mchanga, huo ni mkato. Chemba ikiwa safi na rangi inaanzia sentimita kadhaa ndani ya mtutu, iache bolti yako kwa amani. Hapo mpira ni mnene kuliko mtutu, au umevuta unyevu ukavimba, au baridi imelikakamaza ganda lake la jelatini likawa linapasuka kwa kuguswa tu.

Halafu kuna kile kidude kidogo cha raba au plastiki kinachochungulia ndani ya chemba, kazi yake kuuzuia mpira usitangulie mtutuni. Kikilika, mpira wa kwanza unabingirika mbele, wa pili unaingia nusu nyuma yake, na hapo hata bolti ya kifahari itauma. Kukibadilisha hakuchukui muda. Nimeshuhudia mtu akinunua bolti mpya, kisha regulata (kidhibiti cha shinikizo la hewa) mpya, na mwisho wa yote tatizo likawa hicho kidude kilichochakaa.

Hesabu ya mpira unaoanguka

Mpira wa kawaida wa kaliba .68 una kipenyo cha milimita 17.3 hivi. Bolti inaporudi nyuma, mpira uliokuwa umeikalia mgongoni unatakiwa kushuka urefu wa mwili wake mzima ndipo ukae sawasawa. Ukianguka kwa uzito wake tu, bila kusukumwa na kitu, safari hiyo inachukua takriban milisekunde 59.

Ukipiga mara 10 kwa sekunde, kila mzunguko una milisekunde 100 tu. Ndani ya hizo bolti inatakiwa kwenda, hewa itoke, bolti irudi, na mpira uanguke. Kinachobaki kinabana, na hapo hatujahesabu mpira uliosita hopani wala bunduki uliyoilaza ubavu ukikimbia. Anayepiga mara 4 au 5 kwa sekunde ana muda wa kutosha. Mikato yake mingi haitokani na kasi ya kidole: mipira imejenga daraja juu ya shingo ya hopa, wa chini hauna wa kuufuata, na yeye anaendelea kuvuta triga.

Shika tarakimu hizo, maana zinarudi tukifika kwenye jicho.

Bolti mbili zinazojizuia, tabia mbili tofauti

Ninazozijua kwa mikono ni ACS ya Kingman, iliyowekwa kwenye baadhi ya bunduki za Spyder, na Level 10 ya Airgun Designs, kampuni ya Tom Kaye, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki yao ya Automag. Zote zinaahidi kitu kimoja: bolti ikikuta mpira haujakaa, isiusage. Namna zinavyotimiza ahadi ndiyo inayozitofautisha.

Spyder ni bunduki ya nyundo. Chini kuna nyundo, juu kuna bolti, na pini imeziunganisha, hivyo springi kubwa ikiachiwa vyote viwili vinaruka mbele pamoja. Chuma hicho kina uzito, na bolti ya kawaida haina habari na kilichoko mbele yake. ACS imeigawa bolti hiyo vipande viwili: sehemu ya mbele ya bolti imekaa juu ya springi yake ndogo. Ikigonga mpira ulio nusu njiani, inanywea kurudi nyuma badala ya kuendelea na nguvu yote ya nyundo. Haihitaji betri, na haina vipande vya kuchagua. Unaiweka, unacheza.

Automag haina nyundo. Hewa iliyojaa kwenye chumba cha valvu ndiyo inayoisukuma bolti mbele dhidi ya springi, na bolti ikifika mwisho wa safari, hewa hiyo hiyo inapita na kuurusha mpira. Bolti za kabla ya Level 10 zilijulikana kwa ukatili wao kwa mipira. Level 10 imefanya mambo mawili: imepunguza nguvu ya bolti mwanzoni mwa safari, na imeipa hewa njia ya kutoroka bolti ikizuiwa kabla ya kufika. Kwenye Automag, ukivuta triga mlango wa hewa mpya unafungwa, kwa hiyo iliyopo chumbani ikishatoroka hakuna nyingine ya kusukuma. Springi inairudisha bolti, mpira unamalizia kushuka, unavuta tena. Unachosikia ni "fsss" fupi. Umepoteza mpigo mmoja, chemba imebaki kavu.

Tofauti yake na ACS ndiyo hiyo. Ya Spyder inapunguza pigo: nguvu ya nyundo bado ipo, springi ndogo inaimeza sehemu. Ya Automag inakata tamaa kabisa na kuanza upya. Kwa mpira wenye ganda gumu, kama ile ya bei ya chini inayotumika viwanjani kwa wageni, huoni tofauti kubwa. Kwa mipira ya mashindano, yenye ganda jembamba lililotengenezwa lipasuke kirahisi likigonga mtu, tofauti unaiona siku ya kwanza.

Ila upole huo una gharama yake. ACS ikiwa safi inafanya kazi bila kukuuliza chochote. Level 10 isiyosetiwa ni balaa kuliko bolti ya kawaida: itavuja, itakwama, au itakupulizia "fsss" kila mvuto hata mpira ukiwa umekaa vizuri.

Kuiseti Level 10 bila kuchanganyikiwa

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, nami nitakaa kidogo. Bolti hii huja na springi za urefu tofauti, na vibebeo vya saizi tofauti, yaani vile vikombe vidogo vinavyoishika oringi, pete ya raba inayouziba mkia wa bolti. Ukiviona vyote mezani unaweza kudhani umenunua saa ya ukutani. Ukweli ni kwamba unajibu maswali mawili tu: oringi ibane kiasi gani, na springi ishindane na hewa kiasi gani.

Kabla ya yote, weka kasi ya mpira. Viwanja vingi haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, ambazo ni karibu mita 91, na wachezaji wengi hujiwekea 280 au chini kidogo. Kwenye Automag, ukipandisha kasi umepandisha shinikizo la chumba cha valvu, na shinikizo hilo ndilo linaloisukuma bolti. Ukiseti bolti bunduki ikiwa kwenye futi 250, ikawa pole kama kondoo, kisha ukaenda kwenye kipima kasi ukapandisha hadi 280, bolti uliyoipima siyo tena hiyo. Kwa hiyo kasi kwanza, bolti baadaye, halafu urudi kwenye kipima kasi kuhakikisha.

Kisha kibebeo. Kikibana mno, bolti inasita kuondoka, inarudi kivivu au inakwama mbele. Kikilegea, hewa inavuja kupitia mtutuni hata hujaigusa triga. Weka kiganja mbele ya mdomo wa mtutu, bunduki ikiwa tupu, utaihisi. Anza na kilicholegea mpaka kinavuja waziwazi. Badilisha nusu saizi kuelekea kubana. Sikiliza. Nusu saizi nyingine. Uvujaji ukinyamaza, simama hapo hapo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuongeza hatua moja zaidi "kwa usalama". Usalama huo ni msuguano, na bolti yenye msuguano inakosa ule wepesi wa kusimama unaoulipia.

Springi inafuata. Ndefu inaipinga hewa zaidi, kwa hiyo bolti inakwenda mbele kwa nguvu ndogo zaidi, fupi inaiachia. Anza na ndefu kuliko zote. Bunduki ikirusha kila mara, umemaliza. Ikiwa inapuliza "fsss" wakati mpira umekaa sawasawa, shuka springi moja. Unatafuta ndefu kuliko zote ambayo bado haikunyimi mpigo. Ukijikuta umefika kwenye fupi na bado inapuliza, usilaumu springi. Rudi kwenye kibebeo, karibu mara zote umebana.

Kupima matokeo, usiingize kidole. Najua wapo wanaofanya hivyo kujionyesha, na wapo waliojuta. Mimi hutumia kijiti bapa cha mbao laini. Hopa imetoka, mfuniko uko mdomoni mwa mtutu, miwani iko usoni. Nakipitisha shingoni mpaka kiguse sakafu ya chemba, navuta triga mara moja, nakitoa na kukiinamisha kwenye mwanga. Bolti ya nyundo isiyo na kinga inaacha nusu duara iliyozama, nyuzi za mbao zimevunjika, na ukipitisha ukucha unaanguka kwenye shimo. Level 10 iliyokaa sawa inaacha alama ya mafuta tu, upinde mwembamba unaong'aa unaofutika kwa kidole gumba. Ukiona mfereji hafifu katikati ya hizo mbili, bado una springi moja ya kujaribu. Ninavyo vijiti kadhaa nimeviandika kwa kalamu, springi gani na kibebeo gani, na vimenisaidia kuliko kumbukumbu yangu.

Oringi mpya huhitaji kuzoeana na chuma. Baada ya mipira mia chache sikiliza tena uvujaji, maana iliyokuwa imebana kwa uzuri inaweza kuwa imelegea nusu saizi. Mafuta ni matone machache, na yawe mepesi. Kwa ACS kanuni ya mafuta ni hiyo hiyo, nami nimejifunza kwa ubishi wangu: niliwahi kuipaka grisi nzito nikidhani naisaidia kuteleza. Ilipokutana na baridi ya asubuhi, grisi ikawa gundi, sehemu ya mbele ikawa inachelewa kurudi mahali pake, na kasi ikawa inapanda na kushuka kila mpigo. Nilisafisha nikaweka matone mawili ya mafuta mepesi, ikapona.

Autococker: skrubu moja, subira nyingi

Autococker ya Worr Game Products haina bolti inayojizuia kwa jina, lakini inastahili kutajwa kwa sababu upole wake unasetiwa kwa njia rahisi kuliko zote. Bolti yake inasukumwa na pistoni ndogo ya hewa iliyoko mbele ya bunduki, na pistoni hiyo inalishwa na regulata ya shinikizo dogo yenye skrubu yake. Punguza mpaka bunduki ishindwe kujikoki vizuri, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka ijikoki kila mara, na kidogo tena kwa ajili ya siku ya baridi. Basi.

Ukilinganisha na Level 10, hii haikati tamaa. Ikikuta mpira nusu njiani inauegemea, inaendelea kuuegemea kwa nguvu ndogo mpaka uvute triga tena. Shinikizo likiwa chini vya kutosha, mpira unavumilia. Likizidi, unakatika polepole, jambo ambalo ukilitazama kwa karibu linaudhi kuliko mkato wa ghafla. Na ukipunguza kupita kiasi, mwendo wa kukoki unakuwa mzito na kidole cha haraka kinauacha nyuma. Anayependa kuchezea skrubu atafurahi. Mwenye kutaka kuitoa kwenye begi na kucheza, hii si yake.

Jicho

Bunduki za umeme zilileta wazo lingine. Badala ya kuifundisha bolti adabu, zinainyima ruhusa. Upande mmoja wa chemba kuna taa ndogo ya infraredi, upande wa pili kipokezi. Mpira ukikaa katikati unaukata mwale, ubao wa umeme unaona na kuruhusu mpigo. Hamna mpira, hamna mpigo, hata uvute triga kama mpiga ngoma. Kuna aina nyingine ambayo taa na kipokezi viko upande mmoja, na mpira unatambuliwa kwa mwanga unaourudisha. Hiyo inaweza kusumbuka na mipira ya rangi nyeusi iliyokolea, inayomeza mwanga. Ukiwa na hiari, chagua ya mwale unaovuka.

Rudi kwenye hesabu yetu. Tuseme mwale unapita katikati ya chemba. Mpira unaoshuka unaukata kwa tumbo lake la chini ukiwa umeshuka nusu tu ya safari. Kwa kuanguka kwa uzito wake, hapo ni milisekunde 42 tangu uanze, na bado 17 ufike chini. Kwa ubao wa umeme milisekunde 17 ni muda mrefu. Ukiuacha ufyatue papo hapo, jicho lako litasema "mpira upo" nalo linasema kweli, na bolti itaukata vilevile. Ndiyo maana mbao nyingi za umeme zina mpangilio wa kuchelewesha baada ya jicho kuona mpira. Mwenye hopa inayosukuma kwa nguvu anaweza kuuweka mdogo sana. Mwenye hopa ya kuangusha tu auongeze, aache kulaumu jicho.

Kwa kusetiwa, jicho ni rahisi kuliko Level 10 na chafu kuliko Level 10. Rahisi, kwa sababu ni namba kwenye ubao. Chafu, kwa sababu kinacholiua ni rangi. Mpira mmoja ukipasuka kwa sababu yoyote, utando unalifunika jicho, na kuanzia hapo ama linaona mpira usiokuwepo, ama bunduki inaingia kwenye mwendo wa polepole wa dharura katikati ya mchezo. Kuna mtu alinishangaza kwa kubeba vijiti vya pamba vya masikio kwenye mfuko wa kifuani kama askari anavyobeba risasi. Siku hizi nami ninavyo.

Bolti inayojizuia haina shida hiyo. Ikichafuka inaendelea kuhisi, kwa sababu inahisi kwa kugusa. Kwa upande wa pili, jicho halipotezi mpigo wala hewa: linasubiri sehemu ndogo ya sekunde na kupiga. Level 10 ikikosea imemwaga hewa ya chumba kizima bure. Ukicheza siku nzima na hopa mbovu, mtungi wa hewa utakuonyesha.

Kuna njia ya katikati ambayo nadhani itawafaa wengi wanaonunua leo bila mapenzi ya mashine za zamani: bunduki ya makanika isiyo na betri wala jicho, lakini yenye bolti nyepesi inayoendeshwa kwa shinikizo dogo. EMEK ya Planet Eclipse ni mfano. Haisimami kwa adabu kama Level 10, inaweza kukata ukiilazimisha, ila pigo lake ni laini kiasi kwamba mipira mingi husalimika, na wewe huna cha kuseti zaidi ya kasi.

Hopa, ambayo watu huiacha mwisho

Hopa ya kuangusha tu ni sanduku lenye tundu. Yenye kikorogeo, kama VL Revolution ya zamani, inavunja lile daraja la mipira. Zinazosukuma, kama Halo au Rotor ya Dye, zinaujaza mnyororo wa mipira kwa nguvu mpaka chemba, na zile milisekunde 59 zinapungua sana.

Ukiwa na bunduki ya makanika na unapiga kwa utulivu, hopa yenye kikorogeo peke yake inaweza kuimaliza shida bila kugusa bolti. Ningeanzia hapo kabla ya kutumia fedha kwingine. Ukiwa na jicho, hopa ya kuangusha inalifanya jicho likae linasubiri, na bunduki uliyoinunua kwa ajili ya kasi inapiga kwa mwendo wa hopa. Jicho na hopa inayosukuma ni mke na mume.

Kwa Level 10, kusukuma kuna upande wake wa pili. Mnyororo wa mipira unaikandamiza bolti kwa juu inapopita, na msuguano huo unaweza kuirudisha ile "fsss" uliyokwisha kuiondoa mezani. Kwa hiyo malizia kuseti hopa ikiwa juu, imejaa, imewashwa. Hopa ikiwa na mpangilio wa nguvu, ishushe mpaka iwe inatosha tu. Mipira ya ganda jembamba hupasuka shingoni kwa kubanwa, na utakuwa unaitafuta bolti kosa lisilo lake.

Ningekushauri nini

Una Spyder au bunduki nyingine ya nyundo, unacheza mara moja moja na mipira ya kawaida: tafuta hopa yenye kikorogeo, badilisha kile kidude cha raba, na kama bunduki yako inakubali ACS iweke na uisahau. Usitafute upole wa Level 10 kwenye mashine ya nyundo, huupati.

Una bunduki ya umeme: jicho, usafi wa jicho, hopa inayosukuma, na namba ya kuchelewesha iliyowekwa kwa kupima, siyo kwa kusikia kwa mwenzako ambaye hopa yake si kama yako. Pandisha mpaka mikato iishe, shuka taratibu mpaka urudi ukingoni, ongeza kidogo.

Una Autococker, tayari unajua umejiingiza kwenye nini.

Una Automag, au unaitamani: Level 10, bila mjadala, mradi una jioni moja ya utulivu na sikio zuri. Ukinunua iliyotumika, usiulize tu kama bolti imo. Uliza springi zote na vibebeo vyote viko wapi. Wauzaji wengi huacha kile kimoja kilicholingana na oringi zao za miaka ile, vingine vikapotelea kwenye droo. Siku ukibadilisha oringi, kibebeo hicho huenda kisikufae tena, na huna cha kupanda wala kushuka nusu saizi.